Miguu Inayoishiwa Nguvu kwa Kusimama: Kufinyika kwa Mfereji wa Uti wa Mgongo



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu yumo mama au bibi aliyeacha kutoka. Hakumtangazia mtu kwamba ameacha. Alianza kwa kutokwenda sokoni kwa miguu, kisha harusi za mtaa wa mbali zikampita, kisha tarawehe za msikitini, na siku hizi hata kumzuru jirani wa nyumba ya nne ni safari ya kupangiwa. Akiulizwa hujibu, "Ni uzee, mwanangu." Watu wa nyumba huipokea kauli hiyo kwa kuwa ni nyepesi na haina gharama. Juma hili twataka kuitazama upya, kwani tumepokea masuali ya kina mama watatu, kila mmoja akimuulizia mzazi wake, na maelezo yao yalishabihiana kana kwamba yameandikwa na mkono mmoja.

Maelezo yenyewe ni haya. Mzazi akitembea kwa kama dakika tano hivi, matako, mapaja na mashavu ya miguu huanza kuwa mazito. Wengine husema miguu yawaka, wengine yafa ganzi, wengine wahisi kama si miguu yao. Mgongo huenda ukauma kidogo tu au usiume kabisa, na hilo ndilo linalowapoteza watu, maana ni nani atakayeutafuta ugonjwa wa mgongo miguuni? Akiketi barazani, au akiinama mbele na kuushika ukuta, taabu humwondoka baada ya dakika chache na huweza kuendelea na safari yake, hadi mwendo ule ule utimie na miguu imgomee tena.

Mmoja wa walioandika aliongeza jambo lililotuvutia sana. Mamake akisimama mbele ya jiko kwa dakika kumi hushindwa na kutafuta pa kuketi, lakini huweza kukaa juu ya mbuzi akakuna nazi tatu bila ya kulalamika. Nyumbani wameanza kunong'onezana kwamba bibi achagua kazi. Twasema kwa uwazi kwamba hachagui kazi. Kusimama wima na kuinama mbele ni hali mbili tofauti kabisa kwa uti wa mgongo, na ni kwa tofauti hiyo hasa ndipo ugonjwa huu hutambulikana. Waliomsengenya wana la kumwomba radhi.

Ugonjwa wenyewe ni kufinyika kwa mfereji wa uti wa mgongo. Katika karatasi za hospitali hujitokeza kwa jina la stenosisi. Ili kuuelewa hatuna budi kuingia kidogo ndani ya mgongo.

Pingili za uti wa mgongo zimepangwa moja juu ya nyingine, saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, na chini yake ni mifupa iliyoungana. Kila pingili ina tundu nyuma yake, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji mmoja mrefu. Ndani ya mfereji huo hupita ugwe wa mgongo, kamba ya fahamu itokayo ubongoni. Ugwe wenyewe huishia juu ya kiuno, na kutoka hapo hushuka shada la mishipa ya fahamu ambalo wanatiba wa kale walilifananisha na mkia wa farasi. Mishipa hiyo ndiyo iendayo miguuni, na ndiyo pia isimamiayo kibofu na haja kubwa. Neno hilo la mwisho twaomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Kwa mtu mzima mwenye afya, upana wa mfereji huo kiunoni, kutoka mbele hadi nyuma, ni baina ya milimita 15 na 25. Umri unapopita, vitakia vilivyo baina ya pingili, ambavyo madaktari huviita diski, hukauka na kutokeza nyuma. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili huota mifupa ya ziada kama vile vidole vya bibi vinavyovimba vifundo. Nazo kano zinazoushikilia mfereji kwa ndani hunenepa. Kila kimoja huchukua nafasi yake ndogo, na mfereji ukishuka chini ya milimita 10 mishipa iliyomo hubanwa. Mtu akisimama wima au kujipinda nyuma, kano zile hujikunja na kuingia ndani ya mfereji, na nafasi huzidi kupungua. Akiinama mbele hunyooka, na nafasi huongezeka. Siri yote ya mbuzi na nazi ni hiyo. Ndiyo sababu pia mgonjwa huyo huyo huweza kulizunguka duka kubwa lote akiwa ameegemea toroli la kutilia bidhaa, au kuendesha baiskeli mwendo mrefu, naye hawezi kutembea mikono mitupu hadi kituo cha matatu.

Mambo haya hayakujulikana vyema hadi karne iliyopita. Daktari mpasuaji wa Kiholanzi, Henk Verbiest wa mji wa Utrecht, aliyaeleza katika makala yake ya mwaka 1954. Aliwaona watu ambao wakilazwa kitandani na kupimwa hawakuonekana na kasoro ya maana, lakini wakisimama na kutembea miguu iliwaishia nguvu. Twalitaja hili kwa sababu hadi leo wako wazee wanaopimwa wakiwa wamelala, wakaambiwa hawana kitu, wakarudi nyumbani na aibu. Mpeleke mzazi wako, na umwombe daktari amtazame akitembea.

Kina mama wana sababu yao ya ziada. Baada ya umri wa miaka 50 hutokea pingili ya nne ya kiuno ikateleza mbele juu ya ya tano, na mteremko huo huubana mfereji. Hali hii huwapata wanawake mara kadhaa zaidi kuliko wanaume. Haina uhusiano na dhambi, jicho wala kusahau kufunga mkaja baada ya uzazi, ingawa yote hayo tumeyasikia yakisemwa.

Si kila maumivu ya miguu ni ugonjwa huu, na hapa ndipo pa kwenda polepole. Sukari, ambayo imeenea mno katika miji yetu, huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo. Mgonjwa huhisi moto na sindano miguuni, khasa usiku akiwa amelala, na kuketi hakumpunguzii kitu. Mishipa ya damu ikiziba, miguu nayo huuma kwa kutembea, lakini mtu huyo hupata nafuu kwa kusimama tu mahali alipo, bila ya kuketi wala kuinama. Kupanda kilima humtesa zaidi, ilhali mwenye mfereji uliofinyika mara nyingi huona kuteremka ndiko kugumu, kwa kuwa mteremko humlazimisha kujipinda nyuma. Daktari ataugusa mguu kwa vidole kusikiliza mapigo ya damu, jambo lisilochukua hata dakika moja na lisilogharimu kitu. Nyonga iliyolika nayo huleta maumivu ya paja. Tena mtu mmoja huweza kuwa na mawili au matatu ya haya kwa pamoja, khasa mzee mwenye sukari, na ndiyo maana hatupendi ugonjwa huu ubainishwe na jirani.

Mgongo unaouma mchana na usiku bila ya kujali mkao, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, ni jambo jingine tena. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye pingili, na saratani vilevile. Hapo hakuna kungoja.

Kufinyika kukitokea shingoni, ugwe wenyewe ndio unaobanwa, na dalili hubadilika. Mikono huwa mizito wa kazi ndogondogo: vifungo vya kanzu havifungiki, uzi haupiti tundu la sindano, sarafu zaponyoka. Mwendo huwa wa kuyumba kama wa mtu aliye mashuani. Huenda pasiwe na maumivu yoyote, na kwa hiyo watu huchelewa. Shingo haitaki kucheleweshwa, maana ugwe ukishaumia huenda usirudi ulivyokuwa, na upasuaji mara nyingi hukusudiwa kuzuia uharibifu usiendelee.

Sasa turudi kwenye lile neno la kibofu na haja kubwa. Mama akifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, pale panapogusa tandiko mtu apandapo punda. Au akishindwa kutoa mkojo, au mkojo au choo kikamtoka bila ya kujua. Au miguu yote miwili ikalegea ghafla, hiyo ni dharura. Mishipa ya mkia wa farasi imebanwa yote kwa pamoja. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu kufunguliwa mapema ndiko kunakompa tumaini la kuvirejesha vitu hivi, na kila siku ipitayo hulipunguza. Twaliandika hili kwa herufi za kawaida, lakini lau tungeweza tungelibandika kwenye kila mlango wa jiko. Mama zetu huona haya kulitaja. Mama wa umri wa miaka 65 hatamwambia mwanawe wa kiume kwamba hahisi anapojitawadha, na binti huenda asiulize. Muulizeni, kina binti. Muulizeni faraghani, kwa adabu, na kwa maneno ya wazi.

Daktari akishasikiliza na kupima, huenda akaagiza picha. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa na mteremko wa pingili, lakini haionyeshi mishipa. Inayoonyesha mishipa ni picha ya MRI, nayo ni ghali, kwa hiyo jamaa waulize mapema bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa nini katika hospitali waliyoichagua. Wala tusiidhanie picha kuwa ndiyo hukumu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990, watu 67 ambao hawakuwahi kuumwa na mgongo walipigwa picha za MRI, na miongoni mwa waliopita umri wa miaka 60, mmoja katika kila watano alionekana na mfereji uliofinyika bila ya kuwa na taabu yoyote. Anayetibiwa ni mtu na miguu yake, na picha ni shahidi tu. Akija mtu na picha mbaya naye atembea kwa raha, aachwe atembee.

Tiba gani, basi? Hapa masuali yalikuwa mengi, na tutasema tunavyoona.

Kwanza ijulikane kwamba ugonjwa wa kiunoni huenda polepole. Wengi wasiopasuliwa hubaki walivyo kwa miaka, wengine hupata nafuu, na sehemu yao huzidiwa. Kuharibikiwa ghafla si jambo la kawaida. Kwa hiyo, pasipo dalili za dharura, jamaa wana wakati wa kutafakari, na asiwepo wa kuwaharakisha.

Jambo la kuanzia ni mazoezi, chini ya mtaalamu wa viungo ikiwezekana. Mgonjwa alale chali, avute goti moja kifuani kisha jingine, ahesabu pumzi chache, aachie. Akiwa bado chali amekunja magoti, akaze tumbo na aubane mgongo wa chini kwenye mkeka, kisha alegeze. Mambo haya yaonekana madogo, na wengi huyaacha baada ya siku nne kwa kuwa hayana harufu ya dawa. Yafanywe kila siku kwa wiki kadhaa ndipo yahukumiwe. Kutembea nako kusiachwe, ila kugawanywe: atembee, aketi kabla ya maumivu kumfikia, atembee tena. Mkongojo, au fremu ya magurudumu ya kuegemea, humwinamisha mbele kidogo na kumrefushia mwendo. Tumewaona kina mama wanaoikataa fremu kwa kuona ni alama ya uzee. Heri hiyo alama nje ya nyumba kuliko heshima kitandani.

Jikoni, mguu mmoja uwekwe juu ya kibao kifupi na kubadilishwa na mwenzake, na kazi zinazoweza kufanywa kwa kuketi zifanywe kwa kuketi. Asiinue mikono juu kwa muda mrefu kuanika nguo, maana humpinda nyuma. Ndoo ya maji kichwani iachiwe vijana. Usiku alale ubavu na mto baina ya magoti. Uzito ukipungua, mgongo hupata nafuu, ingawa twajua ni vigumu kumwambia mtu apunguze uzito kwa kutembea ilhali kutembea ndiko kunakomshinda. Hapo huanzwa kwenye sahani, kwa kupunguza mahamri, sukari ya chai na wali wa usiku.

Kukandwa kwa mafuta ya nazi yenye karafuu kwa mkono mpole hulegeza misuli na kumliwaza mgonjwa, na hatuna neno dhidi yake. Kukanyagwa mgongo na mtoto, kuvunjwa kiuno hadi kilie, na kupindwa shingo, hayo twayakataza kwa nguvu zetu zote. Mifupa ya mama aliyepita umri wa hedhi mara nyingi imekuwa myepesi, nayo huweza kuvunjika kwa uzito ambao kijana hangeuhisi. Kuhusu hijama tumeulizwa na wasomaji wawili. Chuku hufanya kazi yake kwenye ngozi na misuli iliyo chini yake. Haiufikii mfereji ulio ndani ya mfupa na haiwezi kuupanua. Anayeitaka kwa nia yake na aifanye kwa nyembe safi za mtu mmoja, amwambie mwenye kuumika iwapo anatumia dawa za kuifanya damu isigande, na asiifanye kuwa sababu ya kuahirisha miadi ya hospitali.

Vidonge vya kuondoa maumivu hutuliza kwa muda. Tunachokiogopa ni desturi ya kununua brufeni na diklofenaki dukani miezi na miezi, na kuchomwa sindano zake kila maumivu yakizidi. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu au sukari, dawa hizo huweza kuumiza figo, kupandisha shinikizo na kutoboa tumbo. Zitumiwe kwa idhini ya daktari, kwa siku chache, baada ya chakula.

Ziko pia sindano za steroidi zinazochomwa ndani ya mgongo, karibu na mishipa iliyobanwa. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani juu ya wagonjwa 400 wa maradhi haya. Nusu walichomwa dawa ya ganzi pamoja na steroidi, nusu dawa ya ganzi peke yake, na baada ya wiki sita tofauti baina yao ilikuwa ndogo mno au haikuwapo. Kwa hiyo akielezwa mtu kwamba sindano hizo zitamponya, na aulize masuali kabla ya kuuza mkufu wake. Tena mwenye sukari ajue kwamba steroidi huipandisha.

Limebaki la upasuaji, ambalo hutisha zaidi ya yote. Tumelisikia likisemwa matangani na harusini: ukipasuliwa mgongo hutasimama tena. Watu huona waliopooza kwa ajali au kwa kifua kikuu cha mgongo, nao walipasuliwa, na lawama ikaangukia kisu. Upasuaji wa ugonjwa huu, kwa maelezo mafupi, ni kuondoa sehemu ya mfupa wa nyuma na zile kano zilizonenepa, ili mishipa ipate nafasi. Hakuna kinachokatwa katika mishipa yenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata wagonjwa 654, na waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi ya wasiopasuliwa katika miaka miwili. Wasiopasuliwa nao walipata ahueni kiasi. Miongoni mwa waliopasuliwa, yapata 9 katika kila 100 walichanika utando unaoifunika mishipa, jambo ambalo daktari huliziba papo hapo, na yapata 8 katika kila 100 walirudi chumba cha upasuaji ndani ya miaka hiyo miwili. Ufuatiliaji wa miaka mingi zaidi ulionyesha kwamba faida ya kisu hupungua kwa baadhi ya watu.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, uliwagawa wagonjwa 169 baina ya upasuaji na mazoezi ya viungo, na baada ya miaka miwili makundi mawili yalikaribiana. Lakini zaidi ya nusu ya waliowekwa kundi la mazoezi walikuwa wameshaamua kupasuliwa njiani, kwa hiyo haifai kuusoma kama ushindi wa mazoezi. Rai yetu ni kwamba mazoezi yapewe miezi mitatu au zaidi ya bidii ya kweli. Mzazi akiwa bado hawezi kufika mlango wa jirani, na afya ya moyo na sukari yake ikiwa imedhibitiwa, upasuaji ni jambo la kuzungumzwa bila ya hofu, naye awe katika mazungumzo hayo. Twaona ajabu mikutano ya jamaa inayokaa sebuleni kuamua mgongo wa mtu aliyeachwa chumbani.

Na aliyefikia uamuzi huo ana suali moja la kumuuliza mpasuaji: je, nitafunguliwa mfereji tu, au pia pingili zitafungwa kwa skrubu? Kufungwa kwa skrubu hurefusha upasuaji na huongeza gharama sana. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2016, wenye wagonjwa 247 wa umri wa baina ya miaka 50 na 80, haukuona kwamba waliofungwa pingili walikuwa na hali bora kuliko waliofunguliwa mfereji peke yake, hata miongoni mwa waliokuwa na pingili iliyoteleza. Wako wanaohitaji skrubu, kwa mfano ambao pingili zao zayumba waziwazi. Lakini mpasuaji na aeleze kwa nini mama huyu ni mmoja wao, na jamaa wasione haya kutafuta rai ya daktari wa pili.

Kuhusu sala, mmoja wa walioandika alisema mamake hulia akisali akiwa kiti cha nyuma, kwa kuona ibada yake imepungua. Ruhusa ya mgonjwa kusali akiwa ameketi inajulikana na kila aliyesoma chuoni, na undani wake waelezwe na masheikh wa msikiti wake. Sisi twaongeza la upande wa mwili tu. Mwenye ugonjwa huu hushindwa na kisimamo kirefu, ilhali rukuu na sujudu, kwa kuwa huinamisha mgongo mbele, mara nyingi humpa raha ikiwa magoti yamruhusu. Kwa hiyo mamake huenda anaweza sehemu ya sala asiyodhani, na anaposhauriana na sheikh amweleze hivyo hasa: anachokiweza, kwa muda gani, na kinachomshinda ni kipi. Nao wasimamizi wa misikiti waliotenga viti upande wa wanawake twawashukuru. Walio bado wajue kwamba mama asiyekuwa na kiti hubaki nyumbani.

La mwisho ni la binti aliyeuliza kama amwache mamake aende umra mwezi ujao. Sai baina ya Safa na Marwa, kwa mizunguko yake saba, ni mwendo wa yapata kilomita 3, juu ya tawafu yenyewe, na mama huyu hutembea dakika tano. Viti vya magurudumu vipo na vina njia yake, na kwenye ghorofa za juu viko vigari vya umeme. Aende, lakini mwenye kuongoza msafara aambiwe sasa, kiti kiandaliwe kabla ya kuondoka Mombasa, hoteli iwe ya karibu, na asiachwe kujaribu kwa miguu kwanza "aone kama ataweza". Achukue pia barua ya daktari yenye majina ya dawa zake, na katika ndege aombe kiti cha upande wa njia ili aweze kuinuka na kunyoosha miguu.